Dakika 27 Resolute hadi Grise Fiord? Uongo mtupu, na mshahara wangu ndio umelipa

Wakuu, habari za jioni. Nimevumilia vya kutosha, leo acha niseme.

Mimi ni fundi wa jenereta, naishi Ottawa. Julai bosi akanituma Nunavut, kaskazini kabisa ya Kanada: kwanza Resolute, halafu Grise Fiord. Yeye kakaa zake ofisini, kafungua moja ya hizi tovuti za kupima umbali, ikamwambia kilomita 382, ndege dakika 27. Akaniandikia: "Nenda asubuhi, jioni uwe umerudi."

Kilomita sibishi, ni kama Dar na Dodoma kwa angani. Lakini hizo dakika 27 mmezitoa wapi nyie watu wa tovuti? Mmechukua mwendo wa Boeing mkagawanya! Boeing itue wapi Grise Fiord? Kiwanja chenyewe ni kipande cha changarawe kisichofika mita 600, huku mlima, huku bahari. Kinachotua pale ni Twin Otter, kale kandege ka propela mbili, na siku kakiwa na bahati ni saa moja na nusu. Na Grise Fiord saa zao ziko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ukiondoka saa nne asubuhi unashuka saa sita na nusu. Barabara msiniulize. Vijiji vyote 25 vya Nunavut, hakuna kilichounganishwa na mwenzake kwa barabara.

Na hapo sijagusa ukungu. Siku ya kwanza tumepima mizigo, tumekaa. Rubani kaongea na redio, karudi anatikisa kichwa: kule mlima hauonekani. Kesho yake hivyo hivyo. Palikuwa na bibi mmoja wa Kiinuit, wale wenyeji wa asili wa kaskazini ya Kanada, anarudi kwao na boksi la machungwa ya wajukuu. Kila asubuhi analifungua, anatoa yaliyooza, anafunga tena kwa gundi ya karatasi. Siku ya nne yalibaki nusu boksi.

Tena watu wa vijiji hivi viwili hawakujipeleka. Serikali ya Kanada iliwabeba kutoka Quebec, jimbo lililo kusini zaidi, mwaka 1953, ikaja kuomba radhi 2010. Nao walipangiwa maisha na mtu mwenye ramani mezani.

Tumeruka siku ya tano. Kazi yenyewe saa tatu tu, kubadilisha pampu ya mafuta. Mwisho wa mwezi naangalia hati ya mshahara: nimekatwa siku nne, "kuchelewa bila sababu". Nampigia bosi, ananitumia picha ya ile tovuti. Dakika 27, kaizungushia na duara jekundu kabisa!

Kuna mdau wa huku aliyewahi kudai siku za kukwama akalipwa? Naomba aje haraka, maana ratiba ya Septemba imeshatoka na nimepangiwa kulekule, kwenda asubuhi na kurudi jioni.