Mrejesho: mchwa kwenye nyumba ya mbao
Ndugu zangu, niliwauliza niwafanyeje mchwa wanaopanda nguzo za nyumba yangu ya mbao. Mlioniambia nianze na unyevu, asanteni sana. Bomba la bafuni lilikuwa linavuja chinichini, na hapo hapo ndipo walipojenga vijia vyao vya udongo. Nguzo moja niliigonga ikalia kama debe tupu. Bisibisi ikazama hadi mpinini! Oili chafu niliyoipaka mwanzo haikusaidia kitu. Nimeweka nguzo mpya juu ya zege isiguse udongo, fundi akamwaga dawa ya fipronil kuzunguka msingi. Kijia kimoja nilikibomoa kipande makusudi, nione kama watakiziba. Wiki ya 6 sasa, bado kiko wazi. Nakikagua kila asubuhi.