Hivi nani aliwadanganya kwamba friji linaua vijidudu??

Wakuu salamu baadae, leo nina hasira. Friji nimenunua mimi, luku naweka mimi, ila kila nikifungua ule mlango nakutana na vituko na nikisema naambiwa najifanya mzungu.

Tuanze na anayezima friji usiku. Eti tunaokoa umeme. Watu wakishalala anachomoa waya, asubuhi maziwa yamekatika, nyama kwenye friza imeanza kutoa maji, halafu anachomeka kimya kimya kama hakijatokea kitu, inaganda upya, mchana tunapikiwa. Jamani friji linajizima lenyewe likishapoa, ndo maana linanguruma halafu linanyamaza, hiyo ni kazi ya tamostati humo ndani. Chakula kinatakiwa kikae nyuzi 4 kushuka chini na friza iwe hasi 18. Ukichomoa usiku kucha kwa joto hili la Dar hilo ni kabati tu, tena kabati lenye unyevu, na asubuhi kompresa inakimbia bila kupumzika kurudisha ubaridi wote uliopotea. Umeokoa nini sasa?

Halafu wali. Hapa naomba mnielewe vizuri sababu ndo mnapodharau zaidi. Umepikwa mchana, umekaa jikoni na mfuniko wake mpaka tamthilia ya usiku iishe, ndo mtu anakumbuka kuuingiza kwenye friji na sufuria lake zima. Kesho anaupasha, anasema moto umeua kila kitu. Haujaua! Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa na uvuguvugu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu, na ile sumu ya kutapisha hata uupashe mpaka ukauke bado ipo. Mtu anakula kiporo, masaa machache anatapika, anaanza kumtuhumu jirani kwa uchawi. Chakula kilichopikwa kisizidi masaa 2 nje, na joto likipita nyuzi 32 ni lisaa limoja tu, na mnajua wenyewe mwezi wa pili huku kukoje.

Na dawa yake sio kusukuma ndani sufuria la maharage linalofuka. Katikati linabaki vuguvugu masaa na masaa, linapasha joto na vya wenzake, mvuke wote unaenda kuwa barafu. Gawa kwenye vyombo vifupi, mvuke ukipungua funika ingiza. Ndoo za aiskrimu zimejaa kabatini zinasubiri nini?

Shangazi namheshimu, kanilea, ila kuku mbichi kwenye mfuko uliotoboka kumweka shelfu ya juu kabisa, damu chururu mpaka kwenye tikiti lililokatwa hapo chini, hapana. Kuku atapikwa shangazi, tikiti tunakula hivo hivo! Nyama mbichi inakaa chini kabisa, tena ndani ya bakuli. Nimesema, nikajibiwa "mbona hamjafa". Maziwa nayo yanakaa mlangoni, ambapo ndo pana joto kuliko kote maana kila mpita njia anafungua kuchungulia. Vitunguu, viazi na ndizi sijui vilifuata nini humo, vitoeni tu.

Umeme ukikatika ndo kichekesho. Friji likifungwa likaachwa linatunza ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa inaweza kufika hata siku 2. Sasa mdogo wangu kila baada ya muda anafungua na tochi ya simu kuangalia "kama bado kuna ubaridi". Utabakije?

Na asije mtu hapa kuniambia bibi zetu waliishi bila friji. Ndio, waliishi, sababu walipika cha kutosha wakamaliza, samaki wakamkausha au wakampiga chumvi, hawakuweka mchuzi wa nazi wiki nzima kisa hauna harufu. Kwanza vijidudu vingi vya kuumiza watu havina harufu wala havibadilishi ladha, na vingine kama Listeria vinaendelea kuzaliana humo humo kwenye baridi, taratibu lakini vinaendelea. Friji linachelewesha tu, chakula kilichopikwa siku 3 au 4 mwisho, ukitaka kikae zaidi ya hapo kigandishe mapema kwenye friza.

Sasa kilichonileta hasa. Jana kuna mtu alikosa subira ya kuzima friza barafu iyeyuke yenyewe, kachukua kisu cha nyama akaikwangua, katoboa. Gesi yote imetoka, friji linanguruma tu halipoi, fundi kaja kaniandikia bei ya kuziba na kujaza gesi. Nimeituma kwenye grupu la familia tangu asubuhi. Wote wameona, shangazi kaweka kaemoji ka mikono ya maombi, mwenye kisu kabadilisha profaili. Mnaojua bei za gesi kwa sasa nisaidieni, laki na nusu ni halali au napigwa?