Sumu ya panya au dawa ya meno? Nani aamue kinachotiwa kwenye maji ya mji

Mtoa mada

Wakuu, salaam.

Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, mkoani Arusha, pale barabarani ukitoka Usa River kuelekea Moshi. Anayenifahamu anajua kwamba nikicheka naziba mdomo. Meno yangu ni ya kahawia tangu yalipoota, na wala si ugoro wala uvivu wa mswaki. Ni maji. Floraidi, madini ya asili yaliyomo ardhini, ikizidi kwenye maji wakati meno ya mtoto bado yanajengeka ndani ya ufizi, yanachomoza yakiwa na kasoro tayari na kushika rangi, na hakuna mswaki utakaoitoa.

Sasa mwaka 2025 jimbo la Utah kule Marekani limepiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba, la kwanza kufanya hivyo, Florida likafuata. Kijana wangu akaniuliza, "Baba, kumbe wenzetu wanaiongeza?" Ndiyo, wanaiongeza kidogo ili meno yasioze, na wamegombana juu yake miaka sabini na ushee. Naomba niwape kisa kimoja cha ugomvi huo, kisha tujadili swali langu: jambo la afya kama hili lipigiwe kura na wananchi, au liachiwe wataalamu?

Kisa kinaanzia kwenye meno kama yangu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika na suala hilo miaka thelathini. Kilichomshangaza ni kwamba meno yale mabaya kwa sura yalikuwa hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, akapima maji ya sehemu zenye tatizo hilo akaona ni floraidi. Baada yake H. Trendley Dean wa idara ya afya ya serikali akazunguka miji akihesabu meno ya watoto, akaona kwamba miligramu 1 hivi kwa lita inakinga meno yasioze bila kuyaharibu sana rangi.

Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Jeshi la Marekani lilikuwa limeweka sharti dogo tu: meno sita ya juu yakutane na sita ya chini. Vijana wengi wakarudishwa nyumbani kwa sababu hawakuwa na hata hayo kumi na mawili. Mnadhani ni mchezo? Kijana wa miaka ishirini, mdomo kama wa babu. Ndiyo maana tarehe 25 Januari 1945, kabla hata vita haijaisha, mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji yake. Mji wa jirani, Muskegon, ukaachwa bila kutiwa ili walinganishe watoto wa pande mbili. Mpango ulikuwa wa miaka 10 hadi 15.

Kule Wisconsin madaktari wa meno hawakuwa na subira ya miaka 15. Wakaanza kuzunguka mji kwa mji. Mmojawapo ni Stevens Point, mji mdogo wa viwanda vya karatasi kando ya Mto Wisconsin, watu kama elfu kumi na sita, wengi wenye asili ya Poland. Madaktari wakawashawishi madiwani, baraza likapitisha. Hapo ndipo wakazi walipouliza: nani ametuuliza sisi? Wakaenda nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi. Wakakumbushana kwamba sodiamu floraidi ndiyo ile ile iliyouzwa dukani kama sumu ya panya na mende, jambo ambalo lilikuwa kweli (na klorini nayo ni sumu, lakini hiyo haikusemwa). Suala likapelekwa kwenye kura. Tarehe 19 Septemba 1950 matokeo yakawa: wanaokataa 3,705, wanaokubali 2,166.

Tangu siku hiyo miji mingine ikaiga. Katika kura za miaka ya 1950 na 1960, zaidi ya nusu ilikuwa ni kukataa.

Msimamo wangu nauweka wazi. Watu wa Stevens Point walikuwa na haki ya kupiga kura ile, na walioiangusha floraidi ni waliokuwa wakiitetea. Juni 1951 maafisa wa meno wa majimbo walikutana Washington. Frank Bull, afisa wa Wisconsin mwenyewe, akawapa wenzake mbinu: msiseme maji yanatiwa kitu "cha kutengenezwa", msitaje neno "majaribio", na mkiweza, msiache jambo lifike kwenye kura. Mtu anayejua kuliko wote, na ushauri wake ni kuikimbia kura ya wananchi!

Karibuni.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, mada nzuri ila hitimisho lako silikubali hata robo.

Chumvi unayokula ina madini joto. Uliitwa mkutano gani kuipigia kura? Kipindupindu kikiingia mtaani, bwana afya anatia klorini kwenye kisima asubuhi, hasubiri akidi itimie. Na kama angesubiri, wewe usingekuwepo hapa kuandika.

Grand Rapids umeitaja halafu ukaikimbia. Matokeo uliyaacha kwa nini? Watoto waliozaliwa baada ya maji kuanza kutiwa floraidi, kuoza kwa meno kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Sasa fikiria mtoto wa Stevens Point aliyezaliwa 1950. Watu 3,705 wenye meno yao ya bandia tayari wameamua kwamba yeye aende kung'olewa. Mtoto hapigi kura, mkuu. Hiyo ndiyo shida ya kura kwenye mambo ya afya: anayepiga si anayeumwa.

Kipara wa Usa

Mwalimu, hapo kwenye "wataalamu waachiwe" nina neno.

Sisi huku tuliwaachia wataalamu. Kwa miaka mingi kiwango cha taifa kiliruhusu floraidi hadi miligramu 4 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linasema 1.5. Ni juzi juzi tu tumeshuka hadi 1.5. Najua sababu: wangeweka 1.5 mapema, nusu ya vyanzo vya huku vingefungwa na hapakuwa na maji mengine ya kutupa. Sawa, inaeleweka. Lakini kuna mtu alikuja kutueleza hivyo kwenye mkutano wa kijiji? Kwamba jamani, maji haya yana kasoro, tunayaruhusu kwa sababu hatuna mengine, watoto wadogo wapewe ya mvua? Hakuna. Tumekuja kujua meno yameshaota.

Stevens Point angalau waliulizwa.

Mtoa mada

Mwalimu, kwenye chumvi umenishika, sina la kujibu. Kwenye klorini hujanishika. Klorini inatiwa ili maji yenyewe yanyweke. Inaua kilichomo kwenye maji. Floraidi haisafishi maji, inamtibu anayekunywa. Hiyo ni tofauti, na mkazi wa kiwanda cha karatasi aliiona bila kusomea.

Kuhusu Grand Rapids, usilolisema ni kwamba Muskegon nao walichoka kusubiri. Mwaka 1951 wakatia floraidi, mji wa kulinganisha nao ukatoweka katikati ya safari. Sisemi matokeo ni ya uongo, meno ya watoto yalipona kweli. Nasema mwaka 1950 mtu wa Stevens Point aliyeambiwa "imeshathibitishwa" alikuwa na haki ya kusema "bado".

Na huko Wisconsin ndiko alikotoka seneta Joseph McCarthy, ambaye mwaka huo huo wa 1950 alianza kuona wakomunisti chini ya kila kitanda. Baadaye walijitokeza waliosema floraidi ni njama ya wakomunisti kuwalegeza Wamarekani. Hao siwatetei. Ila ni kosa kumweka kila aliyekataa kwenye kapu lao.

Fundi Bomba

Nimefanya kazi za maji vijijini miaka mingi, upande wa kuitoa, si kuitia. Nisimulie tulivyofeli, sitataja mradi.

Njia inayofaa huku ni mkaa wa mifupa. Unachoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuri hadi iwe myeusi, unaiponda, unaijaza kwenye ndoo yenye koki chini. Maji yakipita humo floraidi inanaswa. Kituo cha Ngurdoto kimeshughulika na jambo hili kwa miaka. Kazi inafanyika, nimepima mwenyewe.

Tulipofika kijijini, kiongozi wetu akatuonya: msiseme mifupa. Semeni "kichujio cha kaboni". Tukasema hivyo mkutanoni, watu wakapiga makofi, ndoo zikagawiwa. Baada ya wiki kadhaa mtoto mmoja akachokonoa ndoo ya kwao kwa kijiko akatoa kipande ambacho hakikusagika vizuri. Akampelekea bibi yake. Bibi akakigeuza, akakinusa, akauliza, "Hiki si mfupa?"

Mkuu, kufika jioni kijiji kizima kinajua. Mfupa wa nini? Wa ng'ombe aliyechinjwa na nani? Waislamu wakauliza lao, wengine wakasema ni ya nguruwe, wengine ya makaburini. Tulirudi tukaeleza yote, tena kwa ukweli mtupu, na hakuna aliyesikiliza. Nilipopita mwaka uliofuata ndoo zile zilikuwa zinahifadhia maharage.

Kijiji cha pili tuliwaita wazee kwanza, tukawapeleka kwenye tanuri wakaona mifupa inaingia na inatoka, wakasikia na ile harufu yake (usiniulize). Sheikh akachagua mwenyewe machinjio ya kuchukulia mifupa. Kule ndoo zilitumika.

Kwa hiyo huyo Frank Bull namwelewa kabisa. Tulikuwa naye kwenye gari letu.

Mwalimu wa Zamu

Fundi, kisa chako kinafundisha kusema ukweli. Hakifundishi kupiga kura. Hivyo ni vitu viwili. Kijiji cha pili hamkupiga kura, mlielimisha.

Halafu ninyi nyote mnazungumzia kura kama vile ikishapigwa imeisha. Portland, Oregon, walikataa floraidi tena mwaka 2013, watu wasomi kweli kweli. Elimu ilikuwepo.

Mtoa mada

Na Calgary, Kanada? Madiwani waliitoa floraidi mwaka 2011 wenyewe, bila kuuliza mtu. Watafiti wakalinganisha watoto wa Calgary na wa Edmonton, wakakuta wa Calgary meno yanaoza zaidi. Mwaka 2021 likawekwa kwenye kura, asilimia 62 wakasema irudishwe. Imerudi 2025. Pale wananchi ndio waliosahihisha madiwani.

Ila lazima niseme na lisilonipendeza upande wangu: leo faida ya kuitia kwenye maji ni ndogo kuliko ya 1945, kwa sababu dawa ya mswaki yenye floraidi imeenea kila duka. Na mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani ya kuchunguza sumu ilitoa ripoti inayohusisha maji yenye floraidi zaidi ya 1.5 na akili ya watoto kupungua kidogo. Wao wanatia 0.7. Wanaovuka 1.5 ni sisi. Kelele ziko Utah, tatizo liko huku kwetu Meru.

Bibi Makande

Wanangu, mjukuu ananisomea haya nami nawasikiliza mnavyobishana juu ya bomba.

Makande mnayapika na nini? Magadi. Ukiweka magadi maharage yanaiva upesi, kuni hazitumiki nyingi. Mwaka jana alikuja binti wa zahanati akatuambia magadi yale nayo yana hiyo floraidi yenu, tena nyingi. Kwa hiyo mama anachuja maji kwenye ndoo asubuhi, jioni anaitia kwenye sufuria kwa mkono wake. Hilo mtalipigia kura?

Mimi siachi magadi mpaka mtu anioneshe maharage yanaivaje bila magadi na kuni zile zile.

Kipara wa Usa

Bibi shikamoo. Hapo umetumaliza.

Fundi Bomba

Shikamoo bibi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa moto mdogo sufuria ikiwa imefunikwa. Hayalingani na ya magadi, sikudanganyi, lakini kuni hazizidi sana.

Mtoa mada, nikujibu swali lako kwa lililopo mezani. Jumuiya yetu ya watumia maji ina mkutano Jumamosi saa nne, kuna chanzo kipya kinataka kuunganishwa. Kimepimwa, kina 2.3. Mwenyekiti anataka tupitishe kwenye kamati tu, wananchi waambiwe "maji ni salama kiasi". Mimi nataka namba iandikwe ubaoni na watu wanyooshe mikono wakiiona. Wenzangu wananiambia wakiiona watakataa, na hatuna chanzo kingine.

Mtoa mada

Watakataa?

Fundi Bomba

Sijui. Wenye visima vyao watakataa. Wanaochota mtoni watakubali hata ingekuwa 5.

Bibi Makande

Mjukuu anasema andika ubaoni. Nami nitakuja na sufuria ya maharage niliyoloweka, muonje wenyewe kama yameiva.