Naomba ushauri: nitashukuru vipi na mfuko umetoboka?

Wapendwa, hamjambo. Niko Goma, mashariki mwa Kongo. Tangu benki zifungwe kwa vita Januari 2025, akiba yangu imebaki humo, nami nauza makala (makaa ya kupikia) kwa vifuko mlangoni. Jana sokoni noti yangu ya dola 20 ilikataliwa kwa tundu dogo kuliko punje ya mchele. (Faranga nazo zimechakaa, zimeshikwa kwa gundi!)

Sasa mama watoto ametuwekea desturi: kila usiku, kabla ya kugusa fufu (ugali wa muhogo) na sombe (kisamvu), kila mmoja ataje jambo moja la kumshukuru Mungu. Kitinda mimba wetu alisema, "Leo kuna sambaza," vile visamaki vya Ziwa Kivu. Zilikuwa tatu. Mimi nilinyamaza. Nikisema asante naona kama najidanganya.

Baba wenzangu, nimwambie mama watoto ukweli, au niendelee kuitikia amina tu?