Tupeane uzoefu: pepa imerudishwa kisa marejeo, wewe ilikukutaje?

mbu_wa_kilombero
Wakuu habari za jumapili. Nina kisa nataka kukitoa rohoni halafu na nyie mwage vyenu. Nimemaliza masters ya mambo ya wadudu, supavaiza akasema lazima itoke pepa moja, nikakaa miezi minne naandika. Nikatuma ijumaa jioni, jumatatu asubuhi imerudi. Hata edita hajaisoma, ni mtu wa ofisini kwao kaandika mistari miwili tu, marejeo hayafuati mtindo wa jarida, rekebisha ndo utume tena.

Kosa ni langu, zote 47 nilizichapa kwa mkono. Mtindo wao ni Vancouver ule wa namba, iliyotajwa kwanza ndo 1, inayofuata 2, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sasa dakika za majeruhi supavaiza kasema aya ya vyandarua itoke kwenye majadiliano ije utangulizi, nami nikaihamisha na namba zake. Ukisoma utangulizi unakuta 1, 2, 3, halafu 31, 32, 29, halafu unarudi 4 kama vile hakuna kilichotokea. Nikaanza kubadili moja moja, 31 ikiwa 4 basi 4 ya zamani inakua 7, na ile 7 nayo inataka pa kukaa. Saa nane usiku nikachoka nikatumia ile ya kutafuta na kubadilisha kwenye Word, 31 zote ziwe 4. Duh. Ikabadili mpaka asilimia 31 kwenye jedwali la matokeo ikawa asilimia 4. Mimi sikuona, aliyeona ni mke wangu anafundisha chekechea, kasema baba nanii mbona hii safu jumla yake 73?

Haya, na nyie?

bintimkutubi
Pole sana kaka, na shemeji mpe hongera zake. Mimi ni mkutubi chuoni, kesi yako kila muhula naletewa. Huo mtindo ulianzia mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba huko Vancouver, Kanada, 1978, walikua wanataka kupunguza haya haya mateso, sijui kama walifanikiwa lol. Weka Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure, ukihamisha aya namba zinajipanga zenyewe.

Ila na yenyewe ina vituko. Mwaka juzi nilimsaidia dada mmoja wa afya ya jamii, tumemaliza tumefurahi, kushuka kwenye orodha tunakuta mwandishi anaitwa "Organization WH". Tukatazamana, huyu nani? Kumbe ni WHO, Shirika la Afya Duniani (World Health Organization), programu imechukua neno la mwisho ikalifanya jina la ukoo, World Health ikawa herufi za majina ya mbele. Na wizara nazo zinafanywa hivyo hivyo. Dawa yake pale kwenye sehemu ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kugeuza visanduku viwili viwe kimoja, unabonyeza, unaandika jina lote humo, basi. Hicho kitufe hakuna anayekionyesha watu, ndo maana natukuzwa hapa chuoni.

kijana wa maabara
Mimi za majina tu. Kwetu mtu ana majina matatu na lolote laweza kua la mwisho kutegemea nani alikua anajaza fomu. Pepa yangu ya kwanza nilitumia jina la babu, ya pili la baba, ya tatu chuo walikata la katikati. Sasa hivi mitandaoni mimi ni watu watatu, na mmoja kati ya hao watatu ananizidi kunukuliwa. Nimefungua ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, angalau za mbele zitakaa pamoja. Na mkiwanukuu Waethiopia kua makini, jina la pili ni la baba yake sio la ukoo, wengine wanapenda waandikwe kwa jina lao lenyewe, angalia kwanza mwenyewe anajiandikaje.

mamaD
Yangu inauma mpaka leo. Kila kitu nilifanya kwa Mendeley, programu ya marejeo kama hiyo Zotero, nimenyooka. Nikamtumia prof kwa WhatsApp asome, prof wetu mtu mzima anapenda kusomea kwenye simu, akafungua huko huko, akakopi akapesti kwenye faili jipya akanirudishia na masahihisho mekundu kila mahali. Masahihisho mazuri kweli. Lakini saitesheni zote zimekua maandishi ya kawaida, ukibonyeza haiwaki ile rangi ya kijivu, haziko hai tena. Na huwezi kumwambia prof umeniharibia. Nikamjibu shikamoo prof nashukuru sana kwa mchango wako, kisha nikaanza upya zote 62. Siku hizi namtumia PDF, akitaka kusahihisha aandike pembeni.

mwanaKisumu
Haki huku Kenya nayo ni hivyo tu. Mimi nilimaliza wiki mzima nikitoa APA, ule mtindo wa jina na mwaka, nikiweka Vancouver, six authors halafu et al. (yaani na wengine), kurasa 284-287 ziwe 284-7, majina ya jarida yafupishwe, hiyo East African Medical Journal iwe East Afr Med J. Nikatuma. Kesho yake wakakataa, eti mada haiwafai. Na jarida la pili nililokua nalo kwa akili lilikua linataka nini? APA 😭

Baadaye ndio nikajua majarida mengi ya Elsevier, ile kampuni ya uchapishaji, mara ya kwanza yanapokea mtindo wowote mradi uwe mmoja kote, wakikubali ndio mnapanga. Someni maelekezo ya waandishi kabla mguse kitu.

Daktari mtarajiwa
Naomba msinicheke. Nilikua na dedilaini, nikaiomba AI inipe marejeo kumi ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Ikanipa, yamepangika kuliko ya mtu yeyote humu, yana mwaka, kurasa, mpaka DOI, ile namba ya kuifungua pepa mtandaoni. Edita akaandika kwa upole, tafadhali tuma PDF za rejea namba 9, 14 na 22. Kufungua DOI ya 14 inanipeleka kwenye pepa ya samaki. Zile nyingine mbili hazifunguki popote. Nikaomba kuiondoa pepa mwenyewe kabla hawajauliza zaidi.

kijana wa maabara
@Daktari mtarajiwa samaki nao wana damu mkuu 😂😂

bintimkutubi
Tusimcheke. Kila DOI ifunguliwe kwa mkono, hata kama ni 60. Na Zotero ikiweka utepe mwekundu juu ya pepa maana yake ilishafutwa na jarida, usipite tu.

Mbu, majina ya kisayansi yalale (italiki): kwenye kichwa cha pepa ndani ya Zotero andika <i>Anopheles gambiae</i> hivyo hivyo na hizo alama, ikitoka kwenye Word inalala yenyewe.

mbu_wa_kilombero
Asanteni, nimeingiza zote jana usiku. Nilichogundua ni kwamba rejea moja haipo mahali nilipoiandika, niliinakili kwenye pepa ya mtu bila kuifungua, yeye kakosea juzuu na mimi nikakosea naye. Sahihi ni 11 sio 1.

Imebaki ya 46, thesis ya 1994, ipo kabatini maktaba na hakuna DOI wala nini. Hiyo naiwekaje?

bintimkutubi
Kwa mkono kaka. Chagua aina ya tasnifu, jaza mwandishi, kichwa, chuo, mwaka. Na nenda kaifungue kwanza uone kama ulichoandika kimo.