DUCE, MUCE, UDOM au SAUT: binti wa Bukoba aende wapi?

MamaKoku
Wakuu, naomba mawazo. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), ufaulu wake unatosha. Anataka ualimu wa masomo ya sanaa, na hapo hatuna ubishi naye. Ubishi ni wa mahali. Tupo Bukoba, na mezani kuna vyuo vinne: DUCE pale Chang'ombe, Dar, MUCE (Mkwawa) Iringa, UDOM Dodoma na SAUT Mwanza. Yeye anataka Dar. Baba yake anataka Mwanza, eti "anapanda meli jioni, asubuhi yupo chuoni". Mimi naangalia mfuko. Dar tuna shemeji yangu Kibamba, pembeni ya jiji, kasema mtoto aje tu, chumba kipo. Dirisha la maombi limefunguliwa na humu ndani hatujaelewana hata chaguo la kwanza.

mkazi_wa_Mbezi
Shikamoo mama. Hapo kwa shemeji ndipo pa kuangalia vizuri. Watu wa mikoani mkisema "Dar tuna ndugu" mnaiona Dar kama mjini Bukoba, ukivuka barabara umefika. Kibamba hadi Chang'ombe ni daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Gerezani, halafu gari nyingine ya Temeke. Kipindi cha saa moja asubuhi maana yake anatoka nyumbani giza bado halijaondoka. Jioni foleni ni ileile.

Mimi nilisoma chuo kingine hapahapa mjini, mwaka wa kwanza wote nikakaa kwa mama mdogo. Nauli ilikuwa inakula hela ya chakula cha mchana. Halafu kwa ndugu hakuna bure: unaingia saa mbili usiku vyombo vinakusubiri, na huwezi kila siku kusema kesho una mtihani. Mama mdogo alinipenda, simsemi vibaya. Ila mwaka wa pili tulipopanga geto watatu karibu na chuo ndipo nilipoanza kusoma kweli.

Mkwawa_2016
Mama Koku, mimi ni zao la MUCE, kwa hiyo nina upande.

DUCE na MUCE vyote ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilianza mwaka mmoja, 2005. Shahada inayotoka huko ni ya UDSM. Kama binti anachotaka ni jina, Iringa lipo. Kama anachotaka ni Dar yenyewe, hilo ni jambo lingine, na aliseme hivyo.

Pili, boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo. Kwa anayepata yote ni 10,000 kwa siku, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500. Bodi ya Mikopo haiulizi unaishi wapi. Laki tatu ya siku 30 ni ileile Chang'ombe na ileile Iringa, lakini maisha si yaleyale. Sisi tulikuwa wanne, tunachangishana, mmoja anashuka sokoni Jumamosi anarudi na viazi, maharage na mboga za wiki. Rafiki zangu wa Dar walikuwa wanakopa wiki moja kabla boom haijaingia. Mimi nilikopa mara moja tu, tena kwa ujinga wangu wa kununua simu.

Ubaya wake ni baridi. Mji uko juu ya mita 1,500. Mwezi wa sita na wa saba mtoto wa ziwani atakoma.

baba_wa_wawili
Ramani jamani. Basi la Bukoba kwenda Dar linapita Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Akienda UDOM anashuka njiani, anawaachia wenzake zaidi ya kilomita 400 zilizobaki. Wa Iringa naye anashuka Dodoma, kisha anaunga njia ya Mtera. Hesabuni nauli ya kwenda na kurudi kwa miaka mitatu, si ya siku ya kwanza tu.

Mwanangu yupo UDOM. Nilichopendea ni kwamba mabweni yako ndani ya eneo la chuo, sina habari za mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita. Eneo lenyewe ni kubwa mno, ndaki moja hadi nyingine mtu anapanda gari. Na Dodoma ya sasa si ile ya 2007 chuo kilipoanza. Serikali imehamia, na akiwa na safari ya Dar kuna treni ya SGR tangu 2024.

Ngosha
Mzee anayetaka Mwanza ana hoja, msimcheke. Malimbe, ilipo SAUT, ni karibu, samaki wapo, na mtoto akiugua mama anafika kesho yake. Ila meli si ya kila siku, mwambieni aangalie ratiba. Na SAUT ni chuo binafsi, kwa hiyo wekeni karatasi za ada zote mezani mlinganishe mstari kwa mstari.

Kuna kitu kingine hakisemwi. Ukisoma karibu na nyumbani unaitwa kila msiba. Arobaini ya babu, send-off ya binamu, "njoo tu Ijumaa, Jumapili utarudi". Niliwahi kukosa jaribio kwa sababu ya harusi ambayo hata sikuvaa sare.

Mwl_Temeke
Mnaipaka Dar matope sana. Mwalimu anatafuta ajira, na ya serikali mnajua inavyosubiriwa. Shule binafsi zimejaa Dar na Pwani. Mwaka wa pili nilianza tuisheni za jioni kwa watoto wa darasa la saba, kodi yangu nikawa najilipia. Mwaka wa tatu shule moja ikanijua, nilipomaliza nikaingia. Haya Iringa yapo, lakini si kwa wingi huu. Tatizo la binti si Dar, ni Kibamba. Apangiwe Temeke na wenzake.

kijana_wa_Ziwa
UDSM inajenga kampasi Kagera kwa mradi wa HEET, ule wa kuboresha vyuo vikuu. Kwa nini msisubiri?

MamaKoku
@kijana_wa_Ziwa waitu, mtoto asubiri jengo? Na ualimu wafundishe au wasifundishe nani ajuaye!

Mkwawa_2016
Mama, kingine: hilo la "chaguo la kwanza" lisiwagombanishe. Siku hizi maombi yanapelekwa chuo chenyewe. Ombeni vyote. Akichaguliwa zaidi ya kimoja ndipo anathibitisha kimoja. Ugomvi wenu uwekeni akiba.

MamaKoku
Asanteni sana. Jana usiku tumekaa wote watatu. Nimempa karatasi nikamwambia apige hesabu ya laki tatu kwa Temeke na kwa Iringa, nauli ya likizo ndani yake. Alinyamaza muda, kisha akauliza kama Iringa wanauza makoti ya mitumba. Maombi tumetuma yote, na SAUT ipo ili mzee alale. Yeye sasa anasema MUCE, UDOM ikifuata.

Kilichobaki ni shemeji wa Kibamba. Kapiga simu asubuhi, anasema godoro ameshanunua.