Fundi anayekwambia "diski bado haijazoea mashine" anastahili adhabu gani?

Wakuu habari zenu, mimi zangu mbaya.

Yule fundi mnamjua. Yule yule wa "hiyo kazi ndogo". Nimempa kompyuta anikloni diski ya zamani, yaani anakili kila kitu kilichomo, kwenda SSD mpya (diski ya kisasa yenye kasi), basi. Nawasha: skrini ya bluu, 0xc000000e, ati kompyuta inahitaji kutengenezwa. Namrudishia. Anachomoa diski, anaipuliza, anairudisha, ananitazama machoni bila haya: "Diski bado haijazoea mashine."

HAIJAZOEA MASHINE! Kwani ni bibi harusi yuko ugenini?

Nikasema basi nipe ile ya zamani. Kumbe ameshaifomati, "ili zisichanganyikiwe". Halafu akarudia, taratibu, kama vile sijasikia: iwashe na kuizima, itazoea. Nimewasha na kuzima mpaka kitufe kinanikwepa. Haijazoea! Natuma hii kwa simu huku natetemeka.

#2
Pole mkuu, nacheka kwa mbali. Ulimkabidhi mashine bila kuwa na nakala kwingine? Basi na wewe mzoee.

#3
Ni huyo huyo! Alinikloni GB 500 kwenda TB 1, nikaona GB 500 tu. Nusu iko wapi? "Itafunguka ukiitumia." Kumbe nafasi ilikuwa haijagawiwa, na patisheni ya urejeshaji, kile kipande cha diski cha kuokolea Windows, imekaa katikati imeziba njia.

#4
Mleta mada, punguza kelele. Kosa hilo mara nyingi maana yake faili za kuwashia bado zinaitafuta diski isiyokuwepo. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, fungua dirisha la amri, tumia amri ya diskpart kuipa ile patisheni ndogo ya EFI (yenye faili za kuwashia) herufi S, hakikisha Windows yako iko C, kisha:
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI
Kama ya zamani ilikuwa MBR (mpangilio wa kizamani wa diski) na mashine imewekwa UEFI (uwashaji wa kisasa) tu, anzia hapo kwanza. Na kwenye kuchanganyikiwa fundi kabahatisha: diski mbili zenye saini moja (namba ya kuitambulisha diski), Windows huizima mojawapo. Ila dawa ni kuichomoa, si kuifomati!

Mleta mada
Shukrani mkuu, lakini hoja yangu si amri. Hoja yangu ni HAIJAZOEA.

#5
Acheni Windows, hamieni Linux muache kulia.

#6
Linux ipi? Nilikloni, diski zote mbili zikawa na UUID moja, yaani kitambulisho kimoja. Inawaka kwenye mpya, inahifadhi kwenye ya zamani. Kazi zangu zote zikaenda kwenye diski niliyotaka kuitupa.

#7
Nyie mna raha. Mimi baada ya kukloni nikaombwa ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, tarakimu 48. Namba yangu ya simu yenyewe naisoma kwenye karatasi.

#8
Samahani kutoka nje ya mada: kuna mwenye printa inayochapa ukurasa mmoja halafu inasema haijaunganishwa?

#9
Afadhali yako. Yangu inadai wino wa rangi ili ichape maandishi meusi.

#10
Huo ni wizi wa mchana. Hilo ndilo la kujadili hapa.

Mleta mada
Jamani, mashine yangu bado haiwaki.

#8
Mkuu subiri kidogo. #9, hiyo printa ni ya waya au ya Wi-Fi?